Tairi Nene na Goti la Sifaeli

Goti la kulia la Sifaeli lilikuwa limekwisha, na kazi yake ilikuwa kuendesha baiskeli. Shida yote ilikuwa hapo.

Yeye na Omary walikuwa na karakana pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na kila msimu waliwapeleka wageni kwa baiskeli kuzunguka nyuma ya Mlima Meru, wakalala kwenye mahema na kurudi hoi huku wanacheka. Sasa baiskeli zenyewe zilikuwa hoi kuliko wageni. Fedha za kununua mpya zilikwishapatikana, zikakaa kwenye simu ya Omary, kwa sababu namba ya siri ya simu ya Sifaeli aliijua zaidi mkewe Vaileth kuliko yeye mwenyewe. Kilichobaki ni kuchagua. Omary alitaka zote ziwe za tairi nene, za kukanyaga kwa miguu. Sifaeli alitaka iwepo ya umeme, hata moja tu, na hakusema kwa nini.

Angesemaje? Kiongozi wa msafara asiyeweza kupanda kilima kazi yake ni kubaki karakanani kuziba pancha. Akilitaja goti tu, atapewa stuli na bakuli la maji ya kutafutia pancha, na mtu mwingine ataajiriwa kwenda porini. Na Sifaeli alijiona mtu huko porini tu. Mjini alikuwa baba fulani mwenye madeni ya ada.

Muuzaji mmoja wa mjini akawaazima mbili za kujaribu, moja ya kila aina, wazirudishe Jumatatu.

"Hii si baiskeli," Omary alisema, akiizunguka ile ya umeme. "Hii ni pikipiki iliyoona haya."

"Na hiyo yako je? Tairi kama maandazi. Ukipita nayo sokoni Kwa Mrombo watakuuliza bei."

"Andazi linashibisha. We Mmeru umezaliwa mlimani, leo unaogopa kilima?"

"Naogopa nini? Natazama maslahi ya wageni."

"Wageni gani? Yule bibi wa Kijerumani mwaka jana si alikupita?"

"Nilimpisha. Inaitwa adabu. Nyie Warangi hamjawahi kuisikia."

Jumamosi asubuhi wakaondoka. Mpaka Ngaramtoni Sifaeli alikuwa mfalme. Barabara inapanda, yeye anakanyaga kama mtu anayepapasa ndala chini ya kitanda, mota inanguruma kidogo, goti limelala usingizi. Akapiga mluzi, sauti ya besi ya wimbo wa kwaya, akigeuka mara kwa mara kumtazama Omary aliyekuwa nyuma, uso unatiririka jasho.

"Kaza, mzee wangu! Andazi limekuwa zito?"

Omary akainamia usukani, akakaza. Pumzi ya kujibia hakuwa nayo.

Lakini walipofika Oldonyo Sambu wakaacha lami, wakateremka upande wa chini ambako vumbi ni jingi na laini kama unga wa ulezi, mambo yakageuka. Tairi nene zikaelea juu ya vumbi kama bata majini. Ile ya umeme ilikuwa na tairi za kawaida, zikazama. Mota ikasaga, gurudumu la nyuma likachimba shimo, na Sifaeli akaenda chini pamoja na sufuria ya kambi aliyoifunga nyuma. Omary akasimama, akaegemea usukani, akacheka mpaka akamaliza. Ndipo akaja kumwinua.

"Maslahi ya wageni hayo," alisema.

Huko kusaga kulikunywa betri yote. Walipopiga hema karibu na mkondo mkavu, taa ya betri ilikuwa nyekundu, na asubuhi ya Jumapili ilikuwa imezima kabisa. Na mbele yao kulikuwa na kilima cha kurudia lami, kirefu, jiwe kwa jiwe. Sifaeli alikitazama kilima, goti likamjibu.

"Pale juu kidogo pana kanisa," alisema. "Kanisa halikosi umeme."

"Na wewe hukosi dhambi. Nenda ukahudumiwe vyote viwili. Mimi nafungasha hema, nitakufuata."

Sifaeli akaikokota baiskeli mpaka kanisani. Ibada ilikuwa imeanza. Kwenye baraza akaona soketi ukutani, akashukuru kwa sauti. Akaegesha baiskeli, akachomeka chaja, akaona taa inawaka, akaingia. Mzee wa zamu akamwona mgeni, akampeleka kiti cha mbele kabisa, penye heshima na pasipo na njia ya kutokea.

Sasa, Sifaeli si mtu wa kuja juzi. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Yeye mwenyewe anaimba kwaya. Anajua tangu mtoto kwamba vitu vinavyowekwa barazani Jumapili ni sadaka: maharage, maboga, kidumu cha maziwa, kuku aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha vinanadiwa pale pale nje, fedha zinaingia kanisani. Hivyo vitu vyote vilikuwepo siku hiyo. Aliviruka mguu mmoja mmoja kuifikia soketi. Lakini mtu mwenye shida ya umeme haoni maboga.

Alipotoka, akipeana mkono na mchungaji mlangoni, watu walikuwa wamefanya duara uwanjani. Katikati ya duara, inang'aa kama bibi harusi, ilisimama baiskeli ya umeme. Na kuku mmoja amefungwa kwenye karia yake.

"Bwana asifiwe!" Mnadishaji alikuwa mzee Lesian, mrefu, kipaza sauti mkononi. "Leo Mungu ametukumbuka. Yupo mtu ametoa baiskeli nzima, mpya, wala hakutaja jina lake. Wangapi wanaweza kutoa bila kutajwa?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Sifaeli alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akaufunga. Utaanzaje kunyoosha mkono katikati ya vigelegele, useme hiyo ni yangu, nilikuja kuiba umeme? Na si yake hata hivyo. Ni ya muuzaji wa mjini, anaisubiri Jumatatu.

Akapiga hesabu haraka. Hawa ni watu wa ng'ombe na mahindi, watataja elfu ishirini, thelathini. Naikomboa, naondoka, sadaka haijamuua mtu.

"Elfu ishirini!" alisema mwanamke mmoja mwenye shanga shingoni, jina lake Nosim. Alitaka chombo cha kupelekea maziwa barabarani.

"Arobaini!" Sifaeli.

"Sitini!"

Wakapandishana hivyo. Nosim alipofika laki moja na ishirini akaitazama tena baiskeli, akamtazama Sifaeli, akasema kwa sauti ya kusikika kote, "Mchukue, baba. Inaonekana mmependana." Watu wakaangua kicheko. Sifaeli akataja laki na thelathini, akapumua.

"Nyuma wanasema laki na hamsini!" mzee Lesian alinguruma kwenye spika.

Nyuma? Sifaeli akageuka. Kulikuwa na ukuta wa miavuli na vitenge, hakuona mtu, na spika ilifunika sauti za wote. "Laki mbili," alisema.

"Mbele wanasema laki mbili! Nyuma wamelala? Hawajalala! Nyuma laki mbili na nusu!"

Ni mtu gani huyu? Tajiri gani wa mifugo kaingia leo? Sifaeli jasho lilianza kumtoka kuliko Omary pale Ngaramtoni. Akaliona goti lake. Akaiona stuli na bakuli la maji. Akaona mtu mwingine anawaonyesha wageni njia zake. "Laki tatu!" alipiga kelele, kwa hasira ya kweli sasa.

"Nyuma tatu na nusu! Mbele mna nini? Msiitazame kama mnatazama harusi ya watu!"

"Laki nne na elfu kumi!"

Kipaza sauti kikauliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nyuma hakukujibu. Vigelegele vikapasua anga.

"Fedha zinakuja, mzee," Sifaeli alisema kwa unyonge. "Ziko kwa mwenzangu." Akatoa simu, akampigia Omary.

Simu ikaita nyuma ya miavuli.

Miavuli ikasogea mmoja mmoja, akatokea Omary, hema mgongoni, simu inalia mkononi, macho yamemtoka.

"Kumbe mbele ni wewe?"

"Kumbe nyuma ni wewe?"

"Nimefika nakuta baiskeli ya watu inauzwa! Wewe sikuoni! Nikasema Mmeru kaokoka upya, kagawa mpaka vya kuazima. Nifanyeje, niache iende?"

Kanisa zima lilicheka. Mzee Lesian alicheka mpaka akaegemea spika. Alipoelezwa vizuri, akawa muungwana. "Jamani, ni kosa. Chukueni tu baiskeli yenu."

Sifaeli alikuwa tayari kushukuru. Omary akamtangulia.

"Hapana, mzee wangu. Kataja mwenyewe mbele ya watu wote, na sadaka hairudishwi mfukoni. Hata msikitini kwetu ni hivyo hivyo." Akabonyeza simu palepale, fedha zikaenda.

"Na kuku?" aliuliza Nosim.

Kuku alikuwa sadaka yake Nosim, alimfunga pale kwa sababu palikuwa na kamba nzuri. Akanadiwa peke yake. Omary akamnunua pia, apate wa kumpelekea shemeji yake Vaileth, maana aliona mbele kesi ya fedha inayomsubiri Sifaeli nyumbani.

Ndipo Sifaeli akaitazama betri. Ilikuwa imezima. Aliyekuwa akichomeka spika ya mnada aliichomoa chaja, kwa kuwa soketi ilikuwa moja. Baiskeli ilinadiwa kwa umeme wake.

Wakaanza kilima. Ya umeme bila umeme ni chuma tupu. Sifaeli akakanyaga kidogo, akakaza meno, kisha goti likafanya kama tawi linalovunjika, akashuka, akakaa juu ya jiwe. Omary akarudi, akaweka baiskeli yake chini taratibu.

"Ni lile la kulia," alisema Omary.

Sifaeli akalifunika goti kwa viganja.

"Tangu Pasaka unapiga goti moja tu ukifunga tairi. Unadhani natazama nini kutwa nzima mle ndani, kalenda?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri useme wewe. Nikajua Mmeru mbishi, hatasema. Nikakupa mwanya wa kusema mpaka nikachoka, nikakuuliza unaogopa kilima, ukaniletea maslahi ya wageni. Leo umepigania baiskeli kama mtu anayepigania mtoto. Basi nimeelewa."

"Nilijua utaniweka kwenye stuli."

"Kwenye stuli nikuweke wewe, halafu wageni nani awachekeshe? Mimi? Mimi wananiogopa." Omary akamwinua. "Ya umeme moja, yako. Lakini iwe ya umeme na tairi nene, usinichimbie tena mashimo. Zipo, nimeziona, bei yake mbaya. Na siku nyingine ukiumwa sema unaumwa. Ingekuwa rahisi zaidi."

Sifaeli akapanda ile ya tairi nene, kwenye gia nyepesi kabisa, kuku kwenye usukani anamtukana njia nzima. Omary akaisukuma ile nyingine kwa mikono mpaka kwenye lami.

Jioni, karakanani, wakapiga hesabu. Kanisani, laki nne na elfu kumi. Kuku, elfu kumi na tano. Fedha zilikuwa zinatosha baiskeli mpya za wageni wote na za wao wawili. Sasa, kwa hiyo sadaka na kwa bei ya ile ya Sifaeli, moja ikakosekana. Wageni wakapata zao. Sifaeli akapata yake. Omary akabaki na ya zamani mpaka msimu mwingine.