Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mwenye kiwanda cha uchapaji alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama anayeng'olewa meno. Aliisoma karatasi ya mhariri mara moja, akavua miwani, akairudisha karatasi mezani kwa kidole kimoja.

"Eti, 'Vijana wa mjini, miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano, wapenzi wa muziki.' Huyu si msomaji, binti yangu. Hii ni sensa."

Mhariri alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Mtambo mkubwa una nafasi moja tu mwezi ujao," mzee akaendelea. "Watu wa kalenda wanaitaka. Kalenda najua nani anaitaka, kila mwenye ukuta. Jarida lako la muziki nani analitaka? Nakupa wiki mbili. Ijumaa ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, nionyeshe mtu huyo. Ukimkosa, nawapa kalenda."

Ndivyo alivyotoka pale, roho juu, mfuko wa nakala begani. Miezi mitano nyuma alikuwa ameacha kazi ya kusahihisha ripoti katika kampuni ya bima, kazi ya kudumu yenye kiti chake na dirisha lake, ili aanzishe jarida hili. Tangu siku hiyo ndugu zake walimwita Mhariri, na wengine walilitamka neno hilo jinsi mtu anavyotamka jina la ugonjwa. Jarida likifia kiwandani, angerudi kwao wamwulize habari za kiti na dirisha. Alijua hata nani angeanza kuuliza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka, naye ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Shangazi huyo alikuwa amestaafu maktaba ya umma baada ya miaka thelathini na miwili ya kutibu vitabu vilivyochakaa. Hakuwa mkutubi, hakuwahi kukaa pale mbele na mihuri. Alikaa chumba cha nyuma na gundi, sindano, uzi na vyuma vya kubania, akipokea vitabu vilivyovunjika migongo na kuvirudisha rafu vikiwa wima. Majirani walidhani ni kazi ya kubandika karatasi. Mhariri naye, tuseme ukweli, alidhani hivyo hivyo.

Jioni ile alimkuta akimenya viazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo umeutoa wapi? Kaa. Shika kisu."

Akamweleza yote huku wakimenya. Alikuwa na nakala arobaini za majaribio, zenye kurasa arobaini na nane, zimegandishwa mgongoni kwa gundi kama kitabu. Mpango wake ulikuwa kuziacha mahali penye watu wa muziki kwa siku kumi, pamoja na karatasi za maswali, kisha azikusanye. Kila nakala aliiandikia kwa penseli, kwa herufi ndogo kwenye pembe ya juu kabisa ya jalada, inapokwenda.

"Wapi na wapi?"

"Chuoni. Studio mbili za kurekodia. Ukumbi wa dansi."

Shangazi alimtazama kwa jicho moja, lile jingine likiwa kwenye kiazi. "Nipe kumi."

"Utazipeleka wapi?"

"Nipe kumi, wewe. Maswali yako baki nayo."

Siku kumi zilipita. Nakala thelathini za mhariri zilirudi safi, zinang'aa, utadhani zimetoka dukani. Na majibu! Kila aliyeulizwa alisema anaupenda muziki, analipenda jarida, atalisoma bila kukosa. Mhariri alivimba kichwa. Alikwenda kwa shangazi akitembea kama amekwishashinda.

Nakala kumi za shangazi zilikuwa mezani, na ilikuwa aibu kuzitazama. Ncha zimekunjwa, pembeni kuna weusi wa vidole, moja imemwagikiwa chai ukingoni, nyingine jalada linaning'inia.

"Maskini!" mhariri akasema. "Zimeharibiwa. Angalau zangu wamezitunza."

"Zako hazijasomwa," shangazi akasema kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya. "Mtu akikuambia anakipenda kitabu, usimtazame mdomo. Kitazame kitabu."

Akaichukua nakala moja safi, akaikunja kidogo mbele ya sikio la mpwa wake. Gundi ikalia. "Unasikia? Huu mgongo haujawahi kufunguliwa. Wamepiga picha jalada, wamejaza karatasi yako kwa adabu, basi."

Mhariri alihisi maji yamemfika shingoni. Kisha shangazi akamwonyesha zile chafu, moja moja, na hapo ndipo yule mpwa alipoanza kuelewa ni mtu wa namna gani ambaye yeye alikuwa akimlia viazi miaka yote. Shangazi alikuwa amepita mitaa akisikiliza. Palipokuwa na redio inayolia tangu asubuhi, aliingia, akasalimia, akaacha nakala. Kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, karakana ya seremala, kwa fundi viatu, kiwanda cha mikate, na pengine tano za aina hiyo.

"Hawa wanasikiliza muziki saa kumi kwa siku," alisema. "Simu hawaigusi, mikono ina kazi. Wimbo mmoja wameusikia miaka ishirini na hakuna aliyewahi kuwaambia ni nani anapiga lile gitaa. Wewe umewaambia."

"Wapi?"

"Ukurasa wa thelathini na moja."

Mhariri alilazimika kutafuta kuna nini huko. Ilikuwa safu aliyoiweka ili kujaza nafasi, baada ya tangazo moja kuondolewa dakika za mwisho. Ilieleza, kwa wimbo mmoja wa zamani, nani alipiga ngoma, nani alipiga besi, akina mama wawili walioitikia ni akina nani na siku hizi wako wapi. Aliiandika kwa saa moja, amesimama. Mahojiano na mwimbaji mkubwa, aliyoyahangaikia wiki sita, yalikuwa meupe kama pamba katika nakala zote arobaini.

Basi Alhamisi waliziacha nakala zote kiwandani, katika chumba cha mchora kurasa, marundo mawili, safi huku, chafu kule, tayari kwa kesho. Mchora kurasa alikuwa kijana mwema, mpole, mwenye kipaji, na walimwita Rula. Picha ikipinda ukutani kwa mwenzie, yeye hakuweza kunywa maji mpaka ainyooshe. Hakuna aliyefikiria kumwonya.

Ijumaa saa tatu na nusu mhariri aliingia chumbani akakuta rundo moja. Nakala arobaini zimepangwa sawasawa, kingo tatu nyeupe pe, hakuna ncha iliyokunjwa wala alama ya kidole. Rula alisimama kando ya mashine ya kukatia karatasi akitabasamu kama bwana harusi.

"Nimezinyoosha," alisema. "Zile nyingine zilitia huruma, nikasema mzee asizione vile. Majalada yaliyolegea nimeyagandisha. Nimekata milimita saba kila upande."

Mhariri alitafuta pembe ya juu ya jalada, mahali pa penseli. Haikuwepo. Ilikuwa kwenye pipa, pamoja na vidole vyote vya fundi cherehani na kinyozi, vimekuwa vipande vyembamba kama tambi. Chafu na safi hazikujulikana tena.

"Rula," alisema. "Umenimaliza."

Kijana wa watu alipoelezwa alitaka kulia. Mhariri hakutaka, alishalia tayari, amegeukia ukuta. Ndipo shangazi alipoingia na mkoba wake wa kitambaa, akawatazama wote wawili, kisha akalitazama rundo. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo.

"Nani kakata?"

"Mimi, mama," Rula akanong'ona. "Nisamehe."

"Mkono mzuri," shangazi akasema. "Haujatetemeka hata mara moja. Zibebe, mwanangu, saa zinakwenda."

Ofisi ya mzee ilitazamana na mitambo kupitia kioo. Meza yake ilikuwa tupu na safi. Mhariri aliweka rundo juu yake. Hotuba aliyoikariri usiku kucha ilihusu alama ambazo hazikuwepo tena.

"Huyo mtu yuko wapi?" mzee akauliza.

"Yumo humo," shangazi akajibu. "Mzee, ichukue yoyote. Isimamishe kwa mgongo, ishike kidogo, kisha iachie."

Mzee alimtazama mwanamke huyu ambaye hakumjua, akamtazama mhariri, akakata shauri kuwa kukubali kutachukua muda mfupi kuliko kubishana. Akaisimamisha nakala, akaiachia. Ikaanguka ubavu, imefumba. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ikafunguka taratibu, ikalala chali.

"Thelathini na moja," mzee akasoma.

"Endelea."

Ya nne, ya tano, ya sita zikafumba. Ya saba ikafunguka: thelathini na moja. Sasa mzee alivuta kiti. Alikuwa mtu wa karatasi tangu ujana wake na hakutaka kufanyiwa mazingaombwe mezani kwake. Alitoa nakala mpya kwenye kabati lake, aliyobaki nayo zilipochapwa zile za majaribio, akaijaribu mara tatu. Ikafumba mara tatu. Akarudi kwenye rundo, akazimaliza zote arobaini, na kumi zikawa zimelala mbele yake, zote kumi zimefunguka ukurasa ule ule.

"Kingo zikikatwa, mgongo haukatwi," shangazi akasema. "Mgongo ndio unaokumbuka. Sasa utazame katikati, hapo kurasa zinapokutana."

Akainua nakala moja, akaigonga kwa upole juu ya meza safi. Vikadondoka vinywele vifupi vyeusi. "Kinyozi." Akagonga ya pili: vumbi la mbao, harufu yake ikapanda. "Seremala." Ya tatu: kipande cha uzi wa bluu. Ya nne haikudondosha kitu, ila katikati, chini kabisa ambako mashine haikufika, palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeupe ya unga. "Huyu wa mikate. Amesoma amesimama, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kazini."

Mzee hakuipangusa meza yake. Mhariri alimtazama shangazi yake. Miaka thelathini na miwili katika chumba cha nyuma, na mji mzima ulikuwa umepita chini ya mikono hii, ukurasa kwa ukurasa: nani alisoma akila, nani alisoma akilia, nani aliacha katikati. Na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Mhariri alimstahi wakati ule kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsoma au kumsikia, na alijionea aibu kwa viazi vyote alivyokula kwake bila kuuliza.

Akapiga moyo konde. "Msomaji wangu ni mtu anayefanya kazi kwa mikono na redio ikiwa imewashwa," alisema. "Anazijua nyimbo kuliko wanaoziuza. Hataki kujua mwimbaji amevaa nini. Anataka kujua nani alipiga. Ukurasa mmoja nilimpa kwa bahati. Nataka kumpa arobaini na nane."

Mzee aliinuka. Kisha akafungua mlango wa kioo na kumwita fundi wa mtambo mkubwa. Fundi akaja, mikono myeusi kwa wino, redio yake ndogo ikilia huko nyuma juu ya kisanduku cha spana. Mzee akamsukumia nakala moja iliyofunguka.

Fundi aliinama kuisoma, ili asiiguse. Alisoma mistari miwili, mitatu. Akajipangusa vidole kwenye ovaroli, akaichukua.

"Kumbe ni yeye aliyepiga hili besi!" alisema. "Bosi, hii naomba nitoke nayo."

"Toka nayo," mzee akasema. Akamgeukia mhariri. "Kalenda watasubiri. Jumatatu nataka kurasa zote. Na mama huyu aje nazo."

Nje kulikuwa na jua kali. Rula aliwafuata akiomba radhi kwa mara ya tisa, shangazi akamtuma maji ya kunywa ili apumzike kujuta. Wakabaki wawili kwenye ngazi za kiwanda. Mhariri alitaka kusema shukrani yenye kichwa na miguu, lakini yote yaliyomjia yalikuwa madogo.

"Nishikie mkoba nifunge kiatu," shangazi akasema.

Ndani ya mkoba, kati ya miwani na leso, kulikuwa na nakala moja ya jarida. Haikuwa katika zile arobaini. Mhariri alikuwa amempa siku ya kwanza kabisa, kama zawadi, akijua shangazi husikiliza taarifa ya habari tu, na muziki ukianza huzima. Kingo zake zilikuwa chafu kuliko zote.

Kwa mzaha, aliisimamisha kwa mgongo juu ya ngazi. Akaiachia.

Haikufunguka thelathini na moja. Ilifunguka ukurasa wa nne, palipokuwa na barua fupi ya kuwakaribisha wasomaji na, chini yake, mstari mmoja tu: jina lake yeye, na neno Mhariri. Wino wa jina hilo ulikuwa umefifia kidogo, kwa kupitiwa na kidole.

Shangazi alikuwa bado ameinamia kiatu, na kamba ilikuwa imekwishafungwa zamani.