Upande wa Pili wa Kitambaa

Walisema mmoja wetu anatembea na mume wa mtu. Habari hiyo niliipata asubuhi, mikono ikiwa kwenye beseni la foronya, na tangu hapo haikunitoka. Nikipika ipo. Nikiomba ipo. Nawaandikia nyinyi wenye watoto wa kike mjihadhari, maana mimi sikujihadhari.

Kazi yetu ni kufua mashuka ya hoteli. Aliyeleta habari ni mama wa sabuni, yule anayepima sabuni na maneno kwa kikombe kimoja.

"Dereva anayechukua mashuka ameonekana nyuma ya maghala na mwanamke mwenye aproni yetu."

"Nani?"

"We unadhani nani? Nani hapa hana mume na anacheka mpaka barabarani?"

Tukatazama meza ya pasi. Alikuwepo yule tunayemwita Mvuke, anapiga pasi huku anaimba. Lisemwalo lipo, tukasema, na kama halipo laja. Hakuna aliyemwuliza.

Sasa, shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha mbili mbili, mnavuta, mnakung'uta, kisha mnasogeleana mpaka vidole vinagusana. Tangu siku ile, Mvuke akinyanyua shuka, kila mmoja alipata kazi ya ghafla. Akawa anakunjia mezani peke yake, mashuka yanatoka na makunyanzi.

"Njooni jamani, leo nimeoga!" akatania.

Hakuna aliyekwenda. Nami sikwenda.

Wote tunasali kanisa moja, na sisi wa kufulia ndio tunaotunza kitambaa cha meza ya Bwana. Ni kirefu, cheupe, na kwa desturi yetu hukunjwa na wawili kikiwa hewani, kisiguse kitu. Zamu ilikuwa yangu na Mvuke. Mama mwenyekiti wa kina mama akanivuta kando.

"Dada, tafuta mwenzio mwingine. Alhamisi tutakaa tumtoe kwenye huduma. Hatuwezi kumpelekea Bwana mikono ile."

Nikasema ninaye. Nikamwita kitinda mimba wangu, anayefanya kazi pale pale kwenye kamba za kuanikia. Nikamwambia kwa sauti, makusudi wenzangu wasikie: "Njoo mwanangu, kazi hii inataka mikono safi."

Akashika. Tukavuta. Tukasogeleana. Vidole vyake vilipokaribia vyangu, akaachia. Kitambaa kikaanguka kwenye maji machafu sakafuni.

"Una nini wewe?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Na dereva. Ni mimi."

Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna mwingine aliyesikia.

Ningependa kuwaambia nililia. Sikulia. Niliokota kitambaa, nikakiloweka, nikasugua hata mahali pasipo na doa. Mikono ilifanya kazi, mwenyewe sikuwemo. Siku zilizofuata nilikula bila kuonja. Binti yangu aliniambia wameshaachana na yule mtu. Nikamjibu, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa maji yamechemka.

Kilichobaki hai ndani yangu kilikuwa woga. Nikinyamaza, Alhamisi Mvuke anatolewa, mwanangu anabaki. Nikisema, anatolewa mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaamua kunyamaza.

Jumatano nikamfuata Mvuke mezani kwake.

"Ulijua si wewe wanayemtafuta, ni binti yangu?"

"Nilijua kabla yako."

"Mbona hukujitetea?"

Akaisimamisha pasi pembeni. "Ningesema si mimi, wangeuliza basi ni nani. Halafu, mama, mimi si malaika. Hili sijalifanya, lakini ninayo yangu ambayo hamjayapata. Ningejitetea kwa uso gani?"

"Mimi nilikutenga."

"Ulinitenga, ndiyo. Na hoteli wamelalamika makunyanzi." Akacheka kidogo. Mimi sikuweza. Angenitukana, ningepata la kujibu.

Nyumbani nikamweleza binti yangu kwamba nimenyamaza kwa ajili yake. Hakunitazama.

"Sema, mama. Nimechoka kumwona akikunja peke yake."

Alhamisi tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukaanza kwa sala ya toba. Sala ile tunaisema kila juma kwa sauti moja, nami siku zote niliisema kwa niaba ya wengine. Siku hiyo niliifuata neno kwa neno na sikuona pa kumweka mwingine.

Nikasimama kabla sijaogopa tena. "Si Mvuke. Ni binti yangu. Na mimi ndiye niliyemtenga mtu asiye na kosa hilo, nikamsimamisha mwanangu mahali pake."

"Makubwa haya!" akasema mama wa sabuni.

"Basi tumtoe huyo binti," akasema mama mwenyekiti.

Mvuke hakusimama hata. "Mkimtoa, nitoeni na mimi. Kisha kila mmoja ajitazame. Asiye na lake abaki, afue peke yake."

Feni ilizunguka. Mama mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa.

"Mimi yangu nisiulizwe," akasema polepole.

Mama wa sabuni akatazama viatu vyake. Hakuna aliyetolewa. Hatukukumbatiana pia. Tukaondoka mmoja mmoja kama watu waliotoka kupimwa ugonjwa mmoja.

Binti yangu anasali nasi. Nyumbani ananijibu kwa ufupi. Siku moja aliniambia, dereva hakumwumiza kama nilivyomwumiza mimi nilipomsifu mbele za watu. Nikasema nisamehe. Akasema atajaribu.

Basi epukeni haya:

Kupokea habari ya mtu bila kumwuliza mwenyewe.

Kumpandisha mwanao kwa kumkanyaga wa mwenzio.

Kudhani dhambi isiyotajwa haipo.

Kuacha mtu mwingine aubebe mzigo wa nyumba yako, hata akiubeba kwa kucheka.

Kuchagua nani anafaa kuikaribia meza ya Bwana. Hakuna anayefaa. Tunaitwa tu.

Kungoja mtoto wako aanguke ndipo ujue kwamba nawe ni mtu.