Warumi wa Kidato cha Pili

Saa ya msamiati katika shule moja ya Cape Coast ilianza, kama kawaida, baada ya chakula cha mchana, madirisha yakiwa wazi ili harufu ya samaki itoke. Mwalimu Quansah aliandika ubaoni mzizi wa Kilatini. Kidato cha pili kikautamka kwa pamoja, kisha kikataja maneno ya Kiingereza yaliyotokana nao. Siku hiyo mzizi ulikuwa *port*, yaani kubeba. Darasa lilikuwa limefika kwenye *transport* Mrumi alipoingia na gunia la ngano begani, akauliza kwa Kilatini ni nani aliyekuwa akimwita.

Alikuwa amekufa zamani sana, na vumbi la jambo hilo lilionekana kwenye kope zake. Alipewa kiti, na msichana mmoja akamletea maji, kwa kuwa mgeni haulizwi habari za safari kabla hajanywa. Alipokwisha kunywa aliulizwa. Jibu lake lilikuwa refu, na ingawa hakuna aliyelielewa, lilisikilizwa hadi mwisho.

Msichana huyo, Ekua Bentsiwa, alikuwa na kibao cha mbao shingoni, kilichotangaza kwamba amesema lugha ya kienyeji. Asubuhi alikuwa amempa pole kwa Kifante mtoto aliyejikwaa, na Kobina, jirani yake wa dawati, akamsikia na kumvisha. Kanuni ya shule haikuwa na utata: aliyevaa kibao hukivua kwa kumvisha mwingine atakayemsikia akisema lugha isiyo Kiingereza. Jioni hiyo ilikuwa ya kuchagua timu ya kwenda Accra kwenye mashindano ya msamiati, na mwenye kibao hachaguliwi. Ekua aliijua mizizi kuliko darasa zima. Nyanya yake, muuza dokono za unga wa mahindi uliochachuka, alikwisha kulitangazia soko lote kwamba mjukuu anakwenda Accra.

"Dada msomi," Kobina alimnong'oneza kwa Kiingereza, "hicho kibao kimekukaa kuliko sare."

"Cheka tu. Ulimi wako nao hauna breki."

Lakini ulimi wa Kobina haukuteleza kwenye Kifante. Ekua akamtazama Mrumi, ambaye bado alikuwa akieleza, akasimama, akavua kibao na kumvisha.

Mwalimu Quansah alipinga kwa adabu, na suala likapelekwa kwa Mwalimu Mkuu, Bi Arthur-Dadzie, aliyekuja na kitabu cha kanuni kwapani asikifungue.

"Madamu, hayo maneno tunayofundisha ni ya kwake huyu," alisema Mwalimu Quansah.

"Basi angeyatunza," alisema Bi Arthur-Dadzie. "Kanuni inasema Kiingereza. Hiki anachosema ni Kiingereza?"

Ilikubalika kwamba sicho. Mrumi alikipokea kibao, kwa kuwa kubeba ndiyo kazi yake, na kabla jua halijatua Ekua alikuwa nahodha wa timu.

Wiki zilizofuata timu ilifanya mazoezi kwa furaha ambayo shule haikuwahi kuiona. Walipotamka mzizi wa kuandika, makarani walijaa barazani na wino vidoleni. Mzizi wa kuruka ulileta wanasarakasi, walioingia kwa kupinduka juu ya ukuta ingawa lango lilikuwa wazi. Mzizi wa kucheka ulileta bibi kizee mmoja tu, lakini masomo yalisimama hadi kengele. Watoto walitamka kwa kasi zaidi na zaidi, wakidundadunda vitini. Mpishi aliongeza maji kwenye supu. Seremala alipewa mbao za ziada, kwa maana kila Mrumi alisalimia kwa lugha yake na kila mmoja alistahili kibao. Kobina, aliyekuwa amewachoka, alisema wafu hao wana bahati, maana wao hawana mtihani.

Siku ya safari basi lilikuwa tayari langoni. Wanasarakasi walikuwa juu ya paa lake na timu ikiimba mizizi ndani, Ekua alipoitwa kwa jina lake la nyumbani. Nyanya yake alikuwa amekuja na dokono zilizofungwa kwa maganda ya mahindi. Alimwombea safari njema kwa Kifante, kwa sauti, kama mtu aliyezoea kuuza.

Bi Arthur-Dadzie alikuwa kwenye ngazi ya basi. Alimnyooshea Ekua mkono uliokuwa na kibao. Tangu vibao viwe vingi kanuni ilikuwa imeongezwa: aliyesikia ndiye huvisha, na asiyevisha huvaa mwenyewe.

Ekua alishuka. Alimvisha nyanya yake kwa uangalifu, akaisogeza kamba isikwame kwenye kilemba.

"Kimeandikwa nini, mama yangu?" Nyanya aliuliza.

Ekua alimweleza kwa Kiingereza sanifu, lugha ambayo Nyanya hakuijua. Nyanya alimshukuru, akakinyoosha kibao kikae katikati ya kifua, Ekua akapanda, na basi likaondoka.