Gari Linavuta Kushoto

Baba yake alipoingia gereji kwa mara ya tatu mwezi ule, mafundi walianza kumtania Dada Pembe kwamba mzee huyu lazima ana mchumba hapa, haiwezekani ikawa ni gari tu. Dada Pembe ndilo jina walilompa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima pembe za magurudumu, na kwa kuwa hakukubali hata moja iwekwe kwa kukisia.

"Linavuta kushoto," baba alisema, akamrushia ufunguo kwa mkono wa kushoto.

Dada Pembe akalipandisha gari kwenye mashine ya kupimia. Wateja wengi hudhani gurudumu likizunguka basi liko sawa. Yeye huwaeleza bila kuchoka. Gurudumu likilala, kichwa chake, yaani upande wa juu, kikaingia ndani, tairi hulika ukingo wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni. Magurudumu ya mbele yakitazamana kama wagomvi, au yakipeana visogo, tairi hujisugua barabarani kama kifutio mpaka liwe kipara. Na mlalo wa kushoto usipolingana na wa kulia, gari hutafuta njia yake lenyewe, wewe ukabaki kubishana nalo.

Gari la baba halikuwa na kosa lolote. Kioo cha mashine kilikuwa kijani tupu. Matairi yalikuwa yamelika sawasawa, ukingo hadi ukingo, na tairi halijui kusema uongo.

Wakatoka kulijaribu kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala. Aliendesha yeye kwanza. Akaachia usukani, gari likaenda kama limechorewa mstari. Kisha akampisha baba. Hawakufika mbali, gari likaanza kuhamia kushoto, taratibu, mpaka tairi likakanyaga changarawe za pembeni.

Baba akacheka. "Umeona? Mashine yenu imelewa."

Dada Pembe hakuwa akitazama barabara. Alikuwa akitazama mikono. Wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania usukani na kuuvuta chini kwa uzito wake wote. Wa kulia ulikuwa umewekwa tu juu ya usukani, vidole wazi, kama kitambaa kilichoanikwa.

"Baba, hebu shika kwa mkono wa kulia peke yake."

Baba akasimamisha gari. "Mimi nimeendesha malori kabla mama yako hajanijua. Ukitaka kunifundisha usukani, nenda kwanza ukamzae baba yako."

Dada Pembe alimwomba waende hospitali. Baba akamjibu kwamba hospitali huanza na mkono, huishia na leseni, na mazungumzo yakafia hapo.

Kama baba angekuwa anaendesha peke yake, labda Dada Pembe angelala usingizi. Lakini kila asubuhi alimpeleka shule mjukuu wake, binti wa Dada Pembe, aliyekuwa darasa la kwanza, kwa sababu mama mtu hutakiwa gereji alfajiri. Mtoto huketi mbele, upande wa kushoto, begi mapajani. Dada Pembe alijaribu kumpa jirani kazi hiyo. Baba akaamka mapema kuliko jirani. Aliuficha ufunguo, baba akatoa wa akiba, na mezani akawa anauliza kwa furaha nani mwizi wa nyumba hii. Alimwendea mama yake jikoni. Mama akasema anajua, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee amebakiwa na safari hiyo moja tu. Akinyang'anywa, atabaki na kiti.

Basi Dada Pembe akafanya jambo ambalo asingemruhusu fundi yeyote kulifanya. Alilegeza boliti ya kurekebishia mlalo wa gurudumu la mbele kushoto, akalilaza kichwa ndani, ili gari livute kulia kwa kadiri ile ile mkono wa baba ulivyovuta kushoto. Kioo kikageuka chekundu. Fundi mkuu akapita, akatazama, akamuuliza kama anaumwa.

"Mteja anataka hivyo," alisema.

"Leo Dada Pembe kauza pembe zake," fundi mkuu akawaambia wenzake, wakacheka.

Baba aliendesha, na gari likanyooka. Alifurahi mno. Alimsifu binti yake kwa majirani, kwa muuza duka, kwa walimu wa mjukuu: hatimaye ameijua kazi. Kila sifa ilimwingia Dada Pembe kama mwiba chini ya ukucha. Hakuwa ametibu kitu. Alikuwa ameliharibu gari zima ili lifanane na mtu mgonjwa, na usiku alihesabu kona za njia ya shule kichwani.

Tairi la kushoto likaanza kuisha. Kwa nje lilikuwa jipya. Ukipitisha mkono nyuma, nyaya za ndani ya tairi zilikuchoma. Akalibadilisha. Baba akasema matairi ya siku hizi ni biskuti.

Kisha asubuhi moja akaja akiwa na mtoto garini. "Limeanza tena."

Dada Pembe akaingia chini ya gari na spana. Boliti haikusogea. Ilikuwa imefika mwisho wake.

Baba alichuchumaa kando. "Ongeza kidogo tu."

"Haina pa kwenda, baba."

Mzee akapitisha mkono wa kushoto nyuma ya tairi, akaupapasa ukingo wa ndani, polepole, akarudia. Mtu aliyelala chini ya malori akiyatengeneza maisha yake yote hahitaji kusomewa tairi.

"Hili gurudumu umelilaza wewe."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunisifu."

Alitaka kusimama, akashindwa, binti yake akamshika kwapani. Mzee hakumtazama usoni. "Mwambie mama yako gari limekufa."

"Baba, ni mkono. Twende hospitali leo."

"Nimesema gari."

Akamteremsha mjukuu, wakaondoka kwa miguu, begi la mtoto likining'inia bega la kushoto la mzee. Dada Pembe alirudisha gurudumu mahali pake. Kioo kikawa kijani, kila pembe sawa, na hakukuwa na wa kumwonyesha.

Jioni alimkuta mama akimfungua baba vifungo vya shati, kimoja kimoja, bila kutazama, kama mtu aliyezoea.

"Gari lina nini?" mama aliuliza.

"Limekufa."

"Wapi?"

Dada Pembe akamtazama baba yake. Baba alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Upande wa kulia," Dada Pembe alisema.

Mama akafungua kifungo kinachofuata.