Chungu cha Pumba

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chizuru alikuwa akikunja mkono wa blauzi, akifunua chungu kilichokaa chini ya sinki na kuzamisha mkono mpaka karibu na kiwiko. Ndani mlikuwa na pumba za mchele zilizokandwa kwa maji na chumvi, laini kama udongo wa mfinyanzi, zenye harufu ya uchachu. Alizitoa chini akazileta juu, kisha akachomoa matango na mbilingani zilizolala humo tangu jana, akazisuuza na kuzikata ziliwe na wali na supu. Jioni alirudia. Majira ya joto, pumba zisipovurugwa mara mbili kwa siku huota utando mweupe na kuoza.

Katika ukoo wa mumewe, pale Kokura, chungu hicho kilikuwa kimepita mikono ya wakwe wanne. Mama mkwe wake, Fusae, alikipokea kwa mavyaa wake. Vidole vya Fusae vilipokakamaa, kikamwangukia Chizuru. Tangu hapo ilikuwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo Chizuru hakuwahi kulala nje hata siku moja.

Mwishoni mwa Julai dada yake, Kikuyo, alimpigia simu kutoka Kagoshima.

"Nyumba ya mama inabomolewa wiki ijayo. Njoo tuitoe vitu pamoja. Siku tatu tu, Chizu."

"Dada, si unajua hali yangu."

"Hali gani? Una mgonjwa mahututi ndani?"

"Kuna chungu."

Kikuyo akacheka bila furaha. "Mama alipokufa ulikuja asubuhi, jioni ukaondoka. Kuokota mifupa yake baada ya kuchomwa hukungoja. Leo tena chungu?"

Chizuru alikata simu akiwa ameshasema atakwenda, na akajiona kama mwizi.

Wakati wa chakula aliwaambia. Mumewe, Norihiko, mwendesha kreni bandarini, aliweka vijiti chini.

"Sasa chungu atakivuruga nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Norihiko aliutazama mkono wake kama aliyeambiwa autumbukize chooni. "Harufu ile haitoki kwenye kucha, mke wangu. Kazini si watanicheka?"

"Mimi wamenicheka miaka kumi na minne. Umeona nimekufa?"

Fusae hakuinua uso kutoka kwenye bakuli lake. "Chungu kinaujua mkono wake. Ukiubadilisha, ladha inahama. Na kwenye friji msikitie. Si maiti."

Hakuna aliyemkataza. Ndiyo maana ilikuwa vigumu: angekatazwa, angepata wa kugombana naye. Aliondoka na treni ya asubuhi, na Norihiko akamwambia "nitajaribu" huku akitafuta viatu vyake.

Kagoshima walifungasha vyombo, kimono za mama, na picha zilizogandana kwa unyevu. Lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku zote mbili alizoamkia huko, Chizuru alijikuta amesimama mbele ya sinki la dada yake, mkono wa nguo umeshakunjwa.

"Umekuja nacho mpaka huku," Kikuyo alisema mlangoni, na safari hii hakuwa na hasira. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimuuma Chizuru zaidi.

Aliporudi siku ya tatu, harufu ilimpokea mlangoni. Mezani palikuwa na achari za dukani, kwenye pakiti ya plastiki.

"Nilikifunua mara moja," Norihiko alisema. "Kikanishinda."

Fusae alikuwa kwenye kigoda chake pembeni ya sinki. "Kimekufa?"

Chizuru alifunua. Juu palikuwa peupe pote, kama pamenyunyiziwa unga. Akakwangua utando ule, akauweka kando, akazamisha mkono. Chini pumba zilikuwa za kahawia ileile, vuguvugu, na zilinukia vizuri. Neno moja tu lilitakiwa. Fusae hakuona vizuri tena, Norihiko hakujua kitu. Angesema kimekufa, wangekimwaga bustanini, na kesho angelala mpaka jua liwe juu.

"Kizima," alisema, na kinywa kilikuwa kimeshasema kabla yeye hajaamua.

"Nimekisikia harufu," Fusae akajibu. "Nilikuwa nangoja nione utasema nini. Mimi nilitamani kusema kimekufa mara nyingi. Ukisafiri tena, zifunike pumba kwa chumvi, tabaka nene, zisionekane hata kidogo. Zinakaa hata mwezi."

Mkono wa Chizuru ukasimama ndani ya chungu. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mwaka aliokufa mama yangu ulijua?"

Fusae aliangalia vidole vyake vilivyojikunja. "Mavyaa wangu aliniambia siku tatu kabla hajafa. Nilikuwa na miaka sitini na nane. Wazazi wangu walikuwa wameshakufa wote, sikuwa na pa kwenda. Nikasema, basi na huyu naye asijue. Nisamehe, mwanangu."

Chizuru hakumjibu siku hiyo, wala kesho yake. Alimpikia, akamwogesha, akamkatia mbilingani vipande vidogo, na hakumsemesha. Siku ya tisa Fusae alisema supu imezidi chumvi, Chizuru akasema "ongeza maji basi," na maongezi yakarudi hivyohivyo, bila msamaha kutajwa tena.

Oktoba alimimina mifuko miwili ya chumvi chunguni, akaenda Kagoshima siku tano. Nyumba ya mama ilikuwa kiwanja cha kokoto. Walitembea na Kikuyo, wakala samaki, wakacheka. Siku ya tatu, Chizuru alitamani kurudi nyumbani akivuruge chungu, na tamaa hiyo ilimtisha sana. Alimaliza siku zote tano kwa kujilazimisha.