Ukuta wa Kushoto

Mama Pacha hakuwa mtu wa kurudia maneno. Kwa miaka kumi na moja sauti yake ndiyo iliyowatangazia abiria wa kituo kikuu basi lipi linaondoka saa ngapi na mzigo wa nani umesahauliwa kwenye benchi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyegeuka kumuuliza jirani, "Amesemaje?" Kisha kituo kikaleta mashine. Mashine haikohoi na haiombi likizo ya uzazi. Mama Pacha akarudishwa nyumbani na cheti cha shukrani, na jina lake humo walikuwa wamelikosea.

Kwa hiyo aliposikia kwamba kampuni ya vitabu inatafuta msomaji wa kurekodi vitabu vya shule kwa ajili ya watoto wasioona, hakusubiri kusukumwa. Alikwenda, akasoma kurasa mbili. Mhariri, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Sauti ndiyo hii," alisema.

Likabaki sharti moja. Kampuni haikuwa na studio, hivyo kazi ingefanyiwa nyumbani, na nyumbani kusiwe na mwangwi. Atume sampuli. Ikipita, ana kazi ya miaka miwili, darasa la kwanza hadi la saba. Isipopita, kuna mwingine nyuma yake kwenye foleni.

Habari za kazi hiyo aliletewa na mdogo wake, Kitinda. Waliitwa hivyo watoto wote wa mwisho katika ukoo ule, lakini huyu jina lilimganda. Mama yao alifariki Kitinda akiwa darasa la pili, na tangu siku ile Mama Pacha ndiye aliyemsuka nywele, akamtafutia shule, akamchapa alipotoroka, na mwishowe akampeleka chuo kusomea ufundi wa sauti. Sasa Kitinda alikuwa kibarua katika kampuni ile ile ya vitabu. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti za wasomaji: anaondoa pumzi, anaondoa kikohozi, anaondoa mlio wa kiti. Kila kilichorekodiwa kilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mhariri.

Chumba walichokuwa nacho kilikuwa stoo ya nyuma ya jiko. Kuta za saruji tupu, sakafu ya vigae. Ukipiga kofi moja unalipwa mawili.

"Chumba hiki kinajibu, Dada," Kitinda alisema siku ya kwanza, akisimama katikati na kupiga makofi kama mtu anayefukuza kuku.

"Katika nyumba hii hakuna anayenijibu," alisema Mama Pacha. "Tutakitia adabu."

Wakaanza. Kitinda aliagiza, Mama Pacha alitafuta, na Baba Pacha, ambaye ni seremala, alipigilia. Alitengeneza fremu sita za mbao, akazijaza mablanketi makuukuu yaliyokunjwa, akazivika kitambaa, akazitundika zikiwa zimeachana na ukuta kwa upana wa vidole vinne. Mbili nyingine zikaenda darini. Zulia la sebuleni likahamia stoo. Pengo la chini ya mlango likazibwa kwa taulo. Godoro la pacha, kubwa la kulalia wawili, likasimamishwa nyuma ya kiti cha msomaji, na pacha wenyewe, wasichana wa miaka tisa, wakahamia mkekani wakidhani ni mchezo. Mama Pacha aliposoma, friji lilizimwa, na mtu yeyote aliyekanyaga jikoni alifanya hivyo kwa hasara yake.

Sampuli ya kwanza ikaenda. Jibu likaja baada ya siku mbili: *Usomaji mzuri sana. Mwangwi mwingi sana.*

Mama Pacha akaondoa mapazia ya chumba cha kulala. Akaondoa nguo kabatini. Baba Pacha alirudi kutoka kazini akakuta koti lake la harusi limetundikwa nyuma ya maiki.

"Koti langu linafanya nini humu?"

"Linanyonya sauti."

"Miaka kumi na mbili mimi nimeshindwa kuinyonya, koti litaweza?"

"Shemeji!" Kitinda alicheka mpaka akashika ukuta.

Kitinda ndiye aliyeleta wazo la trei za mayai. Zikaja trei thelathini na sita kutoka kwa jirani mwenye duka, ambaye aliuliza kwa upole kama wanafuga mbuni. Baba Pacha alipanda ngazi kuzigandisha darini, na Kitinda akaishika ngazi kwa mikono miwili isiteleze. "Juu kidogo, Shemeji. Hapo. Hapo hapo." Jasho lilimtoka kama wengine. Kisha akanywa chai, akala, akaichukua faili kwenye kifaa chake kidogo cha kuhifadhia, akaaga.

Sampuli ya pili ikajibiwa hivi: *Mama, mwangwi bado ni ule ule. Tunasubiri mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo itabidi tumwite mwingine.*

Ilikuwa Jumamosi. Mama Pacha alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono magotini, akaangalia kuta zake zilizojazwa kama mto. Alipiga kofi. Kofi likafa pale pale lilipozaliwa. Masikio yake hayakusikia mwangwi wowote. Lakini masikio yake hayakwenda chuo, na ya Kitinda yalikwenda.

Baba Pacha alikuwa mlangoni, penseli juu ya sikio.

"Mimi meza ikiyumba," alisema, "siikati mguu haraka. Kwanza naihamishia kwenye sakafu nyingine. Ikiyumba na huko, ubaya ni wa meza. Ikitulia, ubaya ni wa sakafu."

"Unasema maiki ndiyo mbovu?"

"Nasema ihamishe. Ipeleke mahali pasipo na ukuta."

Jumapili kulipopambazuka, kabla ya wachezaji, Mama Pacha alikwenda katikati ya uwanja wa mpira nyuma ya shule. Hakukuwa na upepo. Alikaa kwenye kigoda, akajifunika blanketi kichwani pamoja na maiki na laptopu, akasoma kurasa mbili za sayansi, darasa la nne, habari za mizizi ya mimea. Mlinzi wa shule alisimama mbali akimtazama, lakini hakusogea. Mara mbili kunguru alilia juu ya goli. Mama Pacha aliwaza kurudia, kisha akaacha. Ilikuwa ni kupima tu.

Jumatatu Kitinda alikuja kama kawaida. Mama Pacha hakumwambia wapi amerekodi. Hakuwa na shaka naye hata chembe. Alitaka tu sikio lisiloambiwa la kusikia.

Kitinda alivaa hedifoni, akasikiliza dakika nzima huku amefumba macho, kichwa kimeinama upande kama daktari.

"Kuna nafuu," alisema. "Lakini chumba bado kinasikika, Dada. Tatizo ni ukuta wa kushoto. Unarudisha sauti."

"Wa kushoto?"

"Huu hapa." Alinyoosha mkono, akaugonga. "Ongeza fremu moja. Na huyo kunguru nitamtoa, usijali."

Uwanja ule una magoli mawili na nyasi. Mama Pacha alimtazama mdogo wake akikunja waya wa hedifoni kwa unadhifu, mduara juu ya mduara, jinsi yeye mwenyewe alivyomfundisha kukunja kamba ya kuanikia.

Mtu anaweza kukosea, alijiambia. Wataalamu hukosea kila siku.

"Itume hivyo hivyo," alisema.

Jumanne jibu likaja, lile lile. Mama Pacha akampigia mhariri simu. "Nitumie mliyoipokea nyie. Nataka kuisikia kwa masikio yangu."

Ilipofika aliingia stoo, akafunga mlango, akavaa hedifoni. Ilikuwa sauti yake, ndiyo, ikisoma habari za mizizi, lakini ikisoma kutoka ndani ya ghala tupu. Kila neno lilikuwa na mkia. Kisha katikati ya ukurasa wa pili, mahali Kitinda alipomsahau, kunguru akalia. Na kunguru naye alikuwa na mwangwi! Kunguru wa uwanjani, ndege aliyelia chini ya mbingu nzima, alisikika kama amefungiwa bafuni.

Mama Pacha akarudia kusikiliza mara tatu. Mara ya nne hakuhitaji.

Kitinda alifika alasiri ya Jumatano. Alikuta kiti kimoja kimewekwa pembeni mwa stoo na dada yake amesimama.

"Kaa."

"Vipi, Dada, kuna nini? Umeongeza ile fremu?"

"Ile sampuli ya juzi niliirekodia uwanja wa mpira. Katikati. Sasa nionyeshe ukuta wa kushoto."

Kitinda alitazama trei za mayai darini kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Mwangwi uliutia wewe," alisema Mama Pacha.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Sina kazi nyingine."

Basi akasema, na alipoanza yalitoka kwa wingi. Kampuni inatafuta fundi sauti wa kudumu. Usaili ni wiki ijayo, waombaji ni saba, na wengine wana vyeti vikubwa kuliko chake. Alihitaji kitu cha kuonyesha. Sauti ya Dada ilikuwa safi tangu ile ya kwanza, tangu fremu sita. Sauti ikija safi, msafishaji anasifiwa kwa lipi? Kwa hiyo aliwaambia chumba cha dada yake ni kibovu kupita kiasi, wampe muda, atakiokoa. Ijumaa asubuhi angetuma ile safi, wasikie ya kabla na ya baada.

"Kwani ungepoteza nini?" alisema, machozi yakimlenga. "Ijumaa wewe ungepata kazi na mimi ningepata. Sote wawili."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Unaona!"

"Na Ijumaa umeme ukakatika? Ukaugua? Mhariri akachoka Alhamisi?"

Ni wazi Kitinda hakuwa amelifikiria hilo.

"Nilikuwa naumia, Dada, nikikuona unavyohangaika. Wallahi naumia."

"Uliumia ukiwa umeshika ngazi."

Hakupaza sauti. Angepaza, Kitinda angejua la kufanya, kwa kuwa makelele ya dada yake alikua nayo na alijua yanavyoisha. Mama Pacha alikwenda kuzima friji, akarudi, akaziba mlango kwa taulo. "Kaa hapo hapo, usipumue kwa nguvu," alisema. Akasoma kurasa mbili za hesabu bila kujikwaa hata mara moja, mdogo wake akiwa hatua mbili kutoka kwake, akifuta pua kwa mkono wa blauzi. Alipomaliza akaituma faili kwa mhariri moja kwa moja, mbichi kama ilivyotoka.

Wakangoja. Baada ya nusu saa simu ikalia, na Mama Pacha akaiweka sauti ya wote kusikia.

"Mama! Hii ndiyo niliyokuwa naitaka!" alisema mhariri. "Safi kama maji. Kitinda kaiweza hatimaye. Nilijua yule binti ana kitu."

Kitinda aliinua macho. Mikono aliikutanisha kifuani, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja sahani.

"Hiyo haijaguswa na mtu," alisema Mama Pacha. "Imetoka chumbani kwangu ikaja kwako."

"Na zile tatu za mwanzo?" aliuliza mhariri.

"Aliyekuletea yuko hapa. Muulize."

Akampa simu. Alimpa kwa mkono wazi, na katika kumpa kule kulikuwa na tumaini dogo ambalo asingelikiri kwa mtu: kwamba mtoto aliyemlea angesema neno moja la kweli, hata nusu, nalo lingetosha kuanzia.

Kitinda aliishika simu.

"Mama, samahani sana," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu ajabu. "Dada alikuwa anarekodia sebuleni, mlango wazi. Nilimwambia asifanye hivyo, lakini unawajua watu wazima, huwezi kuwalazimisha. Sikutaka kumwaibisha."

Alilisema hilo huku anamtazama dada yake usoni.

Mama Pacha alinyoosha mkono akachukua simu yake.

"Ile ya tatu niliirekodi katikati ya uwanja wa mpira," alisema. "Nakutumia ya asili sasa hivi. Kuna kunguru ndani. Msikilize kwenye yangu, kisha msikilize kwenye mliyoletewa, halafu uamue mwenyewe."

Mhariri alisikiliza zote mbili. Walisikia miwani ikiwekwa mezani.

"Nimekuelewa, mama. Njoo Jumatatu tusaini. Na mwambie mdogo wako kwamba kesho asi..."

"Anakusikia. Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. Haikuchukua hata dakika.

Kitinda aliondoka bila kuaga, akapita jikoni, na mlango wa nje ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu aliyezoea kutomuamsha mwenye nyumba.

Baba Pacha aliporudi alimkuta mkewe bado stoo, friji bado limezimwa, maji yameanza kutiririka sakafuni jikoni.

"Vipi, tumepata?"

"Tumepata."

"Sasa mbona..." Alimtazama, akatazama kiti kitupu. Mama Pacha akamweleza kwa sentensi tano. Alisikiliza akizungusha penseli vidoleni, na zilipoisha hakutania.

"Ni mtoto," alisema hatimaye. "Alibanwa na shida."

"Ana miaka ishirini na sita."

"Utamsamehe lakini. Siku moja."

Mama Pacha aliinuka, akachukua dekio.

"Nilimfundisha kusoma mimi," alisema. "Usiku mama alipokuwa hospitalini. Kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti, mpaka akaacha kulia."

Akaanza kudeki.