Glasi ya Nne na ya Tano

Waliokuwapo Jumamosi ile ya Agosti, katika ukumbi wa zimamoto wa bonde la Warrabel, kusini mwa Australia, walikuwa watano. Lindsay Kuchel, mwenyekiti, aliyekuwa refa wa mpira kwa miaka ishirini kabla ya magoti kumwangusha. Rocco Scalzi, ambaye mizabibu yake ilipandwa na babu yake aliyetoka Kalabria. Hester Nankivell, mwenye shamba la juu kabisa, penye baridi. Tuyet Lam, aliyenunua shamba la bondeni miaka minne iliyopita na kuleta mvinyo wake wa kwanza. Na Glenys Torpey. Hakuwapo Desmond Torpey, mume wa Glenys na kaka wa Hester, aliyefariki mwezi Machi, siku mbili kabla ya mavuno.

Lindsay aliyaandika majina hayo katika daftari la kikao. Alipofika kwa Des alisita kidogo, kisha akaandika "hayupo", kama anavyoandikiwa mtu mwenye mafua. Glenys aliisoma kalamu kutoka upande wa pili wa meza.

Kila mwaka wenye mashamba madogo wa bonde hilo hukutana kuonja mvinyo wao bila kujua upi ni wa nani. Mvinyo uliopata alama kumi na tano au zaidi, kati ya ishirini, huingia katika sanduku la pamoja, ambalo hupelekwa katika nyumba mia nane za watu wanaolisubiri kila majira ya kuchipua. Usiofika hubaki nyumbani, na jina la shamba halichapishwi kwenye kifuniko mwaka huo. Sanduku lenyewe lilikuwa wazo la Des. Kwa miaka kumi na tisa jina la Torpey halikukosekana. Mvinyo wa safari hii ulitokana na matawi ya mwisho aliyoyapogoa kwa mkono wake. Ukipita, jina lake lingezifikia nyumba zile mara moja ya mwisho. Hilo ndilo Glenys alilolijia. Alijua kwamba analitaka, kama mtu anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Kulihisi hakulihisi.

Chupa tano zilisimama mezani zikiwa zimevaa soksi ndefu za wacheza mpira ili lebo zisionekane, kila soksi na namba yake ya kitambaa. Mke wa Lindsay, ambaye hanywi, ndiye aliyezivisha na kuzipanga, kisha akaingia jikoni kupasha moto mikate ya nyama. Kila mwonjaji alikuwa na glasi tano, gudulia la maji, biskuti kavu na ndoo ya kutemea.

"Rocco," Hester aliita, "umepiga mswaki leo?"

"Sijapiga. Sheria imekataza dawa ya meno, na mimi ni raia mwema."

"Basi sogea kule, mwenzangu. Mvinyo utazimia kabla hatujaumimina."

"Afadhali mimi. Wewe umekuja na mafuta ya nywele. Hapa kila glasi itanukia saluni."

"Jamani!" Lindsay aliinua kipenga kilichoning'inia shingoni mwake. "Dakika mbili kila glasi. Nikipuliza, mnahama. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kunong'ona."

"Mzee, hii si fainali," alisema Rocco.

"Kwangu kila kitu ni fainali. Glasi ya kwanza."

Glenys alianza kama alivyofundishwa. Aliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe akatazama rangi. Alinusa, akazungusha, akanusa tena. Alichukua funda dogo, akalipitisha juu ya ulimi na chini yake, akatema. Uchachu ulikuwa wa kadiri. Ukakasi ulikuwa laini, ukishika ufizi wa nyuma tu. Aliandika kumi na sita. Mwaka mmoja uliopita angetabasamu, maana mvinyo ulikuwa mzuri. Sasa alijua uzuri wake kama anavyojua urefu wa meza, kwa kupima. Tangu Machi chakula chote kilikuwa kama karatasi kinywani mwake. Chai ilikuwa joto, basi. Na huko nyumbani, kila alipoonja kutoka katika mapipa ya Des, karatasi ile iligeuka majivu. Alikuwa ameyachukulia majivu hayo kuwa sehemu ya msiba, akaendelea kuyajazia mapipa mvinyo uliopungua kila Jumatatu kama daftari la marehemu lilivyoelekeza.

Glasi ya pili alichelewa kidogo. Ya tatu akachelewa zaidi. Siku hizi alifanya kila jambo polepole, hata kufunga vifungo vya sweta. Kipenga cha kuhamia glasi ya nne kilipolia, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaandika alama ya ile ya tatu, na wenzake waliponusa glasi ya tano, yeye alikuwa anatema ya nne.

Ilikuwa nyeusi, yenye harufu ya plamu zilizoiva na ngozi mpya. Hakukuwa na kasoro puani. Aliinua kalamu aandike kumi na saba, lakini kalamu ikabaki hewani kwa sababu macho yake yalikuwa yamegota kwenye jiko la kuni pembeni, akitazama gogo likivunjika. Akakaa hivyo. Kipenga kililia mara ya mwisho. Wenzake wakaweka glasi chini na kujinyoosha. Hapo ndipo ladha ilipokuja, kutoka nyuma ya ulimi, kidogo kidogo, kisha nyingi: majivu, kama mtu amelamba kisahani cha kuzimia sigara.

"Ni ulimi wangu tena," aliwaza, wala hakushangaa.

"Glen, tunakusubiri wewe," alisema Lindsay kwa upole. "Chukua muda wako."

Aliandika kumi na moja, akanywa maji, akatafuna biskuti, akanywa maji tena. Alingoja mpaka kinywa kikarudi kuwa karatasi. Ndipo akaonja ya tano.

Ilikuwa safi. Zilikuja cheri mbichi, kisha jani la mnanaa lililosuguliwa mkononi, kisha uchachu mwembamba ulionyooka hadi mwisho. Alitema na kungoja majivu. Hayakuja. Alihesabu pumzi thelathini, na bado kulikuwa na mnanaa tu. Aliandika kumi na nane, akakunja karatasi yake na kumpa mwenyekiti.

Lindsay alijumlisha kwa sauti. Desturi ilikuwa kufuta alama ya juu kuliko zote na ya chini kuliko zote kwa kila glasi, ili upendeleo na kinyongo vitoke mlango mmoja, na kupata wastani wa tatu zilizobaki. Glasi tatu za mwanzo zilipita bila mjadala.

"Ya nne. Kumi na saba, kumi na sita, kumi na nane, kumi na sita, kumi na moja. Nafuta kumi na nane, nafuta kumi na moja. Imepita vizuri sana. Ya tano…" Alisogeza karatasi karibu na macho. "Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na sita, kumi na tatu, kumi na nane. Nafuta kumi na nane, nafuta kumi na mbili moja. Kumi na tatu na ushee. Hii imebaki."

"Ina moshi," alisema Rocco, akikuna shingo. "Samahani kwa mwenye nayo, lakini ina moshi. Niliusikia palepale ilipogusa ulimi."

"Hata mimi," alisema Lindsay.

"Mimi sikusikia moshi popote," alisema Hester. "Ila mimi moshi huwa siusikii hata kwenye soseji."

Wakazivua chupa soksi. Chupa ya kwanza hadi ya tatu zilikuwa za Rocco, Hester na Lindsay. Chini ya soksi ya nne ilitokea lebo ya Torpey. Chini ya soksi ya tano ilitokea lebo mpya ya karatasi ya mchele, na jina la Lam.

Hester alimkumbatia Glenys kwa nguvu, kiti kikalalamika. "Kaingia, wifi! Des kaingia! Umeona? Na yule bahili aliyetoa kumi na moja kafutwa!"

"Bahili ni mimi," alisema Glenys.

Hester alimwachia. Rocco alicheka, akadhani ni mzaha, akaacha alipoona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Tuyet alikuwa anakunja soksi namba tano, pembe kwa pembe, kama leso.

"Kumi na tatu ni ya kwangu," alisema Tuyet taratibu. "Nimeupa mvinyo wangu mwenyewe kumi na tatu. Nami niliyasikia majivu. Nyumbani sikuyasikia kamwe, lakini leo yalikuwepo. Basi. Moto wa msituni ulipita karibu na kila mtu."

Glenys aliitazama chupa yake, kisha ya Tuyet. Mambo yalijipanga kichwani mwake bila haraka, moja baada ya jingine, kama vyombo vinavyorudishwa kabatini. Moshi wa moto wa msituni ukilala juu ya zabibu hujifunga ndani ya sukari ya tunda, na humo hauna harufu. Pua haiuoni. Mate ndiyo huufungua, polepole, dakika nzima au zaidi baada ya mtu kutema. Wote watano walilijua jambo hilo. Walikuwa wamekaa pamoja katika ukumbi huuhuu, wiki tatu baada ya moto wa Februari, wakimsikiliza mtaalamu akilieleza. Lakini ratiba ya Lindsay ilitungwa katika miaka isiyo na moshi. Dakika moja na nusu ya kutazama na kunusa, funda la mwisho, kutema, kipenga. Majivu ya glasi ya nne yalikuwa yamewakuta watu wakiwa na glasi ya tano mdomoni.

Na shamba lao, yeye na Des, lililo korongoni, lilikuwa limejaa moshi siku mbili. Maabara iliyozipima zabibu iliandika kwamba moshi ni kidogo, usio na madhara. Des aliisoma barua ile mara tatu.

"Lindsay," alisema, "naomba kila mtu aonje ya nne tena. Ateme, asiguse kitu. Akae tu. Pima dakika tatu."

"Glen, alama zikishaandikwa…"

"Sijasema ubadilishe alama. Nimesema muonje."

"Glenys, acha," alisema Tuyet. "Mimi nitaleta tena mwakani. Usifanye hivi kwa ajili yangu."

"Sifanyi kwa ajili yako. Onja."

Hakuongeza ukali katika sauti, na huenda ndiyo sababu walitii. Walionja, wakatema, wakakaa. Kutoka jikoni zilisikika sahani. Lindsay alishika saa ya mkononi kwa vidole viwili. Dakika ya kwanza haikuwa na kitu. Kabla ya ya pili kwisha Rocco aliinamisha kichwa na kuanza kusugua ulimi kwa meno ya juu. Tuyet aliweka kiganja mdomoni. Lindsay aliendelea kutazama saa hadi dakika tatu zikatimia, kwa kuwa alizoea kumaliza muda, lakini uso wake ulikuwa umekwisha kukiri.

"Mama yangu wee," alisema Rocco. "Ni ya nne. Tuyet, dada, nisamehe."

"Mimi sisikii kitu!" alisema Hester. "Nawaambia sisikii kitu! Ni plamu tu. Ni mvinyo mzuri. Wifi, unamfanyia nini kaka yangu?"

"Kakako amekufa, Hester. Huu ni mvinyo."

"Watu mia nane wangelisoma jina lake!"

"Wangelisoma. Kisha wangekunywa, wakae kidogo, na majivu yawajie."

Hester alisukuma glasi yake mbali. Machozi yalimtoka moja kwa moja, bila sauti, na Glenys aliyatazama kwa kitu kilichokaribia wivu. Alitoa leso mfukoni mwa sweta na kumpa. Leso ilikuwa safi, imepigwa pasi. Tangu Machi hakuwa ameitumia.

"Sheria," alisema Lindsay, akifungua ukurasa wa mwanzo wa daftari na kusafisha koo, "hainiruhusu mimi kuutoa mvinyo uliokwisha kupita. Des mwenyewe ndiye aliyeiandika hivyo, ili mwenyekiti asiwe mfalme. Anayeweza kuutoa ni mwenye nao, papo hapo, mbele ya wote. Na glasi iliyoonjwa vibaya inaweza kuonjwa upya kama mmoja wetu ataomba na hakuna atakayepinga." Alishusha miwani. "Sikulazimishi, Glen. Ukinyamaza, tunafunga daftari, unaingia sandukuni, na hakuna hata mmoja hapa atakayelitaja jambo hili nje. Nakuahidi."

"Nakuahidi na mimi," alisema Rocco.

Tuyet alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa akimtazama mtu.

Glenys aliwaza kuhusu ahadi hizo. Zilikuwa za kweli, alijua. Watu hawa walimletea supu wiki sita mfululizo na kurudi kuosha sufuria zao wenyewe. Angeweza kukaa kimya, na kimya kilikuwa kazi rahisi kuliko zote alizozifanya mwaka huu. Aliutafuta uchungu ndani yake, ili uamuzi uwe na mahali pa kuegemea, na hakuukuta. Alikuta tu kwamba ulimi wake ulikuwa mzima. Mnanaa ulikuwa mnanaa. Majivu yalikuwa katika mapipa, hayakuwa kinywani mwake, na alikuwa ameyajazia mapipa hayo mvinyo kila Jumatatu kwa miezi mitano.

Alisimama, akaweka vidole juu ya meza.

"Andika, Lindsay. Mvinyo wa Torpey nautoa mimi mwenyewe. Mwaka huu jina letu halitachapishwa kwenye kifuniko. Na naomba namba tano ionjwe upya sasa hivi, peke yake, kwa glasi safi."